Uongeze Seli T, Kisha Iweje?

Mvua zikishika Mombasa na dengi ikianza kuvuma, simu yangu hujaa jumbe za sauti: "Daktari, nitafutie kitu cha kuongeza kinga." Tangawizi nimeivumilia, mlonge nimeuvumilia. Juzi sokoni Kongowea nikakuta chupa imebandikwa karatasi: HUONGEZA SELI T. Hapo mmenigusa penyewe, maana seli T, hizo chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, ndizo kazi yangu.

Seli T haiamki kwa kuona antijeni tu, yaani kile kipande cha kijidudu inachokitambua. Ikiiona bila ishara nyingine, mara nyingi huzubaa, au hufa. Ruhusa ya kuamka huitoa kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, hasa seli za dendritiki, walinzi wanaobeba antijeni na kuionyesha seli T. Vipokezi vyake vikishanasa RNA ya kirusi, huelekea kwenye tezi ya limfu iliyo karibu, hutoa CD80 na CD86, protini za kuipa seli T ruhusa, juu ya utando wake na kumwaga saitokini, protini ambazo seli hupashana nazo habari. Mtaalamu wa kinga Charles Janeway alilibashiri hilo mwaka 1989, alipokiri kwamba chanjo zetu za maabara zilikuwa haziamshi chochote mpaka zitiwe mabaki ya bakteria. Hayo yamo vitabuni, tusonge.

Kinachoniudhi ni hiyo imani kwamba ishara zikizidi ndiyo nafuu. Hebu chukua intafeoni, saitokini ya kupambana na virusi, iliyogunduliwa na Isaacs na Lindenmann mwaka 1957. Seli T ya CD8, ile inayoua seli zilizoambukizwa, ikiipata pamoja na antijeni, huzaana kwa kasi. Ikitangulia kulowa intafeoni kabla ya antijeni, huzuiwa kuzaana. Molekuli ni ile ile, saa ndiyo tofauti! Haya, IL-12 nayo, saitokini nyingine: ikimwagwa kwa wingi, T-bet, protini inayoamua seli T itakuwa ya aina gani, hupanda, na seli nyingi huwa za kupigana leo na kufa kesho, za kubaki na kumbukumbu hupungua. Sasa ile chupa inaongeza zipi?

Tena kuna jambo lililowashangaza hata wenzangu. Mwaka 2013, makundi mawili ya watafiti yalikiziba kipokezi cha intafeoni katika panya wenye maambukizi sugu ya LCMV, kirusi cha panya. Mtu angetarajia virusi vitawale. Mwanzoni viliongezeka kweli, lakini baadaye panya hao wakaviondoa upesi kuliko wenzao. Usikimbilie kusema basi intafeoni ni adui: mwaka 2020 ilionekana kwamba angalau mgonjwa 1 kati ya 10 wa Covid kali alikuwa na kingamwili, protini za kinga zinazonasa vitu kwenye damu, zilizokuwa zikiizima intafeoni yake mwenyewe. Ikikosekana mwanzoni, hatari. Ikikawia kuondoka, hatari pia.

Sehemu kubwa ya haya imetoka kwa panya, na si panya wowote, bali waliolelewa kwenye vizimba safi kuliko wodi zetu. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba seli T zao hufanana na za kichanga, ilhali za panya wa duka la wanyama hufanana na za mtu mzima. Mtoto wa Likoni aliyekwisha kupitia malaria na minyoo ana ishara zinazowaka kabla kirusi hakijabisha hodi. Kwa hiyo nikichora ile michoro yetu ya mishale ya ishara hizi ubaoni, huwa naichora kwa kalamu inayofutika.

Na hiyo dengi yenyewe mnayoinunulia chupa: mgonjwa huzidiwa homa inaposhuka, virusi vikiwa vinapungua kwenye damu, na kinga yake ndiyo kwanza imepamba moto. Kama seli T zilizobaki kutoka dengi ya kwanza huchochea madhara hayo au humwokoa mtu, bado tunagombana. Kingamwili zilizobaki kutoka dengi hiyo ya kwanza ndizo zinazolaumiwa zaidi. Mpeni maji na paracetamol kwa kipimo chake, msimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki ya dukani, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Homa ikishuka msishangilie bado: tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikivuja damu, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.