Ubia wa Utafiti na Vyuo vya Nje: Nani Hulipa Nini? Mfano wa Ziwa Tanganyika

Inapotangazwa kwamba chuo kikuu cha hapa nchini kimeingia ubia wa utafiti na chuo cha Marekani kwa ufadhili wa mamia ya maelfu ya dola, wengi huchukulia kwamba fedha hizo zimeingia katika akaunti ya chuo chetu. Kwa aina ya ufadhili ninayoieleza hapa, sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya fedha haivuki bahari, wala haikukusudiwa kuvuka, na mtu asiyelielewa jambo hilo mapema huja kulielewa mradi ukiwa unafungwa, wakati hakuna tena cha kurekebisha. Katika ofisi ya uratibu wa utafiti tunapokea maswali ya namna hii kutoka kwa wahadhiri, wanafunzi na hata wazazi, ndiyo maana nimeona niyajibu kwa mfano mmoja ulio karibu nasi.

Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, linalojulikana kwa kifupi kama NSF, lilianzishwa kwa sheria mwaka 1950. Shirika hilo halina maabara zake za kufanyia utafiti. Kazi yake ni kupokea maandiko ya miradi kutoka vyuoni, kuyapeleka kwa wanasayansi wasio na maslahi nayo ili wayapime, kisha kutoa ruzuku kwa yaliyofaulu, na vigezo vya kupimia ni viwili: uzito wa kitaaluma wa swali lenyewe, na manufaa mapana kwa jamii. Fedha ni za mlipakodi wa Marekani, zinazopitishwa na Bunge la nchi hiyo, na kanuni ya jumla ni kwamba hulipwa kwa taasisi za Marekani. Mshirika wa nje hutarajiwa kugharimia upande wake kutoka kwenye mifuko ya nchi yake mwenyewe, isipokuwa pale inapothibitishwa kwamba kazi haiwezi kufanyika bila mchango wake kulipiwa.

Si kila nchi hufuata njia hiyo. Wajapani, kwa mpango wao wa ubia wa utafiti na nchi zinazoendelea, uitwao SATREPS, ulioanza mwaka 2008, waliunganisha mashirika mawili: lile la sayansi, JST, hulipia watafiti wa Japani, na lile la maendeleo, JICA, hulipia shughuli na vifaa katika nchi mshirika. Utafiti wa mpunga uliofanywa Kenya na Chuo Kikuu cha Nagoya pamoja na taasisi ya kilimo ya huko ulipita katika utaratibu huo. Kwa maoni yangu utaratibu wa Kijapani ni mzito kwa karatasi lakini ni wa wazi zaidi, kwa kuwa kila upande unaijua kapu yake tangu siku ya kwanza.

Sasa twende Kigoma. Kuanzia mwaka 1998, kwa takriban miaka kumi, Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha huko mafunzo ya utafiti ya kila mwaka yaliyoitwa Mradi wa Nyanza, kwa ruzuku za NSF na kwa kushirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Jina lisimchanganye msomaji: nyanza ni ziwa tu katika lugha zetu nyingi, na mradi huu haukuhusu Ziwa Victoria.) Wanafunzi wa Kimarekani walikaa kwa wiki kadhaa pamoja na wenzao wa nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika, kila mmoja akiwa na swali lake la utafiti, wakipima maji, wakichunguza konokono na samaki, wakichimba matope ya chini ya ziwa.

Hapo kanuni ya fedha ilionekana waziwazi. Programu ya NSF inayowalipia wanafunzi wa shahada ya kwanza kujifunza utafiti inaruhusu kuwalipa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani pekee. Kwa hiyo kiti cha mwanafunzi wa Kitanzania, Kirundi, Kikongo au Kizambia, ingawa alilala bweni lile lile na kupanda mashua ile ile, ilibidi kitafutiwe fungu jingine. Anayesoma tangazo la ruzuku bila kulijua hilo hudhani kila aliyekuwemo mashuani alilipwa kutoka mfuko mmoja.

Matope yenyewe yanastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo yaliyofanya wageni waje kutoka mbali kiasi hicho. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Oksijeni hupatikana katika maji ya juu tu. Huko chini hakuna mnyama wa kuchimbua tope, ndiyo maana mashapo hulala yalivyoanguka, mwaka juu ya mwaka. Bomba linalozamishwa kuchota matope hayo likipasuliwa katikati kwa urefu, huonekana mistari myembamba kama kurasa za daftari lililofungwa: mweupe wa msimu wa kiangazi, pepo zinapovuma na mwani wenye magamba ya silika kustawi, na mweusi wa masika, mito inapoleta udongo. Ukurasa mmoja hauzidi sana unene wa milimita, mara nyingi haufiki hata hapo. Ndani yake mna mifupa na magamba ya samaki ambayo mtaalamu huyahesabu chini ya hadubini, na umri wa tabaka hupimwa kwa kaboni 14 na risasi 210 (aina za kaboni na madini ya risasi zenye mionzi, ambazo hupungua kwa kasi inayojulikana).

Kilichosomwa humo kiligusa sahani za watu. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba uzalishaji wa mwani katika ziwa ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, jambo lililokadiriwa kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 utafiti mwingine ulieleza kwamba joto la maji ya juu ya ziwa lilikuwa limepita viwango vyote vya miaka 1,500 iliyotangulia. Mwaka 2016 ukafuata uliofumbua kwamba mabaki ya samaki katika matope yalianza kupungua tangu karne ya 19, kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza, na kwamba katika maeneo yaliyochunguzwa sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Sababu si ngumu kuelewa. Maji ya joto ni mepesi, nayo hukaa juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Kadiri ya juu yanavyopata joto ndivyo upepo unavyoshindwa kuyakoroga, na virutubisho vilivyolala chini havipandi kulisha mwani. Mwani ukipungua, vijidudu vinavyoula hupungua, dagaa wanaokula vijidudu hupungua, na migebuka wanaowinda dagaa nao huadimika. Mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku wa giza, akawasha karabai au taa ya sola na kusubiri samaki waufuate mwanga, hakuhitaji jarida limwambie kwamba nyavu zimekuwa nyepesi. Alichokihitaji ni kujua kwamba si uvuvi wake peke yake uliosababisha hali hiyo. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, hatua hiyo iliwapa samaki nafasi ya kuzaliana, lakini haiwezi kupunguza joto la maji, na ni vizuri maafisa wanaoitangaza waseme yote mawili.

Nirudi kwenye fedha. Pale mshirika wa hapa anapolipwa na NSF, kwa kawaida hulipwa kwa mkataba mdogo chini ya chuo cha Marekani, ambacho ndicho kinachowajibika kwa shirika kwa kila senti. Mkataba huo hubainisha kazi, si urafiki: siku ngapi za mashua, mafuta lita ngapi, posho ya msaidizi wa maabara, gharama ya kusafirisha sampuli. Jambo linalosahauliwa zaidi ni gharama za uendeshaji, yaani fungu linalofidia umeme, uhasibu na majengo. Vyuo vikubwa vya Marekani vimezoea kudai zaidi ya asilimia 50 ya gharama zinazohusika, wakati mshirika wa nje kwa miaka mingi aliwekewa ukomo wa asilimia 10. Chuo chetu kisipoliandika fungu hilo kabisa, kama ninavyoona mara kwa mara katika maandiko yanayoletwa saa chache kabla ya mwisho wa kupokelewa, umeme wa jokofu la sampuli utalipwa na karo za wanafunzi.

Upande wetu nao una sheria zake. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa kibali cha utafiti kwa mgeni, na sharti mojawapo ni kuwa na mtafiti mwenza wa hapa. Kibali ndicho kinachomwezesha kuomba ukaazi wa muda uhamiajini na kujitambulisha mkoani, wilayani na mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Sharti la mtafiti mwenza lina thamani likitumiwa kabla andiko halijapelekwa kwa mfadhili. Jina likiongezwa baada ya ruzuku kutoka, bajeti imekwisha kufungwa, na mwenza hubaki mtu wa kusaini barua na kutafuta mashua.

Niliwahi kuratibu mradi mmoja, si wa ziwa hili, ambao uliletewa kifaa kizuri cha kupimia oksijeni ndani ya maji. Kwa miaka mitatu fundi wetu alikitunza, akikisafisha kila jioni na kukifunga kwenye kisanduku chake. Siku ya mwisho kisanduku kilipandishwa gari la uwanja wa ndege. Tulipofungua mkataba tukakuta sentensi moja tu: vifaa ni mali ya chuo kilichopokea ruzuku. Hakuna aliyetuibia; sisi ndio tuliosaini bila kusoma. Tangu hapo kila mkataba unaopita mezani kwangu nauanzia kwenye kifungu cha vifaa, kisha cha sampuli, kisha cha majina ya waandishi wa makala.

Kifungu cha sampuli ndicho ninachokikazania zaidi kwa wanafunzi wa uzamili, kwa kuwa hicho kina faida ambayo hawaijui. Mabomba ya matope kutoka maziwa mengi ya Afrika yamehifadhiwa katika ghala lenye ubaridi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na NSF huwataka wanaofadhiliwa nayo kuwashirikisha wengine sampuli na takwimu. Kipindi cha zuio, yaani muda ambao sampuli huachiwa watafiti wa awali pekee, kikishapita, mtafiti wa Dar es Salaam au Bujumbura anaweza kupeleka ombi lenye swali la utafiti na kiasi cha tope anachohitaji, kama afanyavyo mtafiti wa Arizona. Namba za utambulisho wa mabomba zinapaswa kuwemo katika ripoti ya mwisho inayowasilishwa COSTECH. Pasipo namba hizo, mwombaji hana cha kuandika kwenye fomu.