Mchanga wa mtoni ni tenki la maji, tunauza tenki

Ukiwa Arusha ukataja neno machimbo, kila mtu anawaza Mirerani, tanzanaiti, na ule ukuta wa kilomita 24 uliojengwa 2018 kuzunguka machimbo hayo. Sawa, lakini mimi nafanya kazi ya maji ya chini ya ardhi na nikiulizwa ni uchimbaji gani unatuumiza zaidi huku kwetu chini ya Meru na Kilimanjaro, naonyesha malori ya mchanga na moramu yanayopanda mjini asubuhi. Yale ni machimbo kabisa. Sheria ya Madini ya 2010 inauhesabu mchanga kama madini na mchimbaji anatakiwa awe na leseni, ila mtaani hakuna anayeuita hivyo, unaitwa tu "material".

Na wala sio kitu kidogo. Umoja wa Mataifa unakadiria dunia inatumia mchanga na kokoto kama tani bilioni 50 kwa mwaka, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe yote ukiyajumlisha hayafikii hapo. Mchanga wa jangwani haufai kwa zege kwasababu upepo umeusaga punje zikawa duara na laini, hazishikani, kwahiyo kila mtu anakimbilia mtoni.

Sasa kuna swali madereva wananiuliza kila nikienda korongoni, juzi mmoja kaniambia "mtaalam, si mvua ikinyesha mto unaleta mwingine?" Ni swali la maana sana na jibu lake ndo kila kitu hapa. Ndio, unaleta. Ila mto unaleta kwa msimu, sisi tunatoa kila siku, na cha pili ambacho watu hawakioni, anayechota mchanga anaondoka na sehemu ya kuhifadhia maji.

Chukua lori la kyubiki mita 7. Kwenye mchanga, karibu theluthi moja ya ujazo ni nafasi tupu katikati ya punje, kwahiyo mchanga huo ukiwa umelala mtoni mvua ikija unaweza kushika kama lita 2,000, ndoo 100 hizo za lita 20. Sio yote utayachota, mengine yanabaki yamegandia kwenye punje, lakini mengi yanatoka taratibu, na jua haliyafikii kirahisi kwasababu yako chini. Hapo ndo wanapopata maji akina mama wa vijiji vya tambarare huko kiangazi, mto umekauka juu, mtu anafukua shimo la urefu wa mkono, anasubiri, maji yanajikusanya polepole masafi kabisa, anachota na kopo. Malori yakishakomba mpaka kwenye udongo mgumu au mwamba, afukue wapi?

Watu watasema basi wachimbiwe kisima kirefu. Jamani, hapa ni Meru. Miamba yetu ya volkano inatoa floraidi, na visima vingi vya ukanda huu vinapita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaishauri, kwahiyo unaweza kutumia mamilioni kuchimba halafu ukapata maji yanayoharibu meno ya watoto na yakizidi sana yanapinda mifupa. Mchanga ule ulikuwa unashika maji ya mvua na mafuriko karibu na juu, bure, na mtu hakulazimika kushuka kwenye mwamba kuyatafuta.

Halafu kuna shimo lenyewe. Ukichimba shimo katikati ya mto, maji yakija yanadondokea humo kwa nguvu na yanaanza kula ukingo wa juu wa shimo, mmomonyoko unapanda nyuma kuelekea mlimani, mwaka huu uko hapa mwakani uko juu zaidi, mpaka unafika kwenye daraja na nguzo zinabaki zimening'inia, au kwenye shamba la migomba la mtu ambaye hajawahi kuuza hata koleo moja la mchanga. Udongo wa kingo zilizobomoka nao una safari yake, mito ya Themi na Nduruma inaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, tope linatua kule na bwawa linapoteza kina, na maji ya bwawa hilo ndo yanayoshuka kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls.

Wenzetu Ukambani kule Kenya wanajenga kuta ndogo kukatisha mito ya msimu ili mchanga ubaki nyuma ya ukuta na ushike maji. Wao wanagharamia kupata kile tunachokipakia kwenye tipa.

Sisemi vijana waache, machalii wengi wanaoshika koleo pale hawana kazi nyingine na ujenzi hausimami. Ila kuna namna. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hiyo isimamiwe kweli. Kijiji kitenge sehemu ambayo mchanga unajaa kila masika, wachimbe hapo tu, na wasishuke mpaka kwenye maji, mimi huwa nashauri ibaki angalau mita moja ya mchanga juu ya usawa wa maji ya kiangazi.

Na wewe unayejenga, kabla hujalipia tripu muulize muuzaji mchanga umetoka wapi na leseni iko wapi. Kwa tofali na zege, uliza vumbi la mawe kwenye kresha, yaani mashine ya kusaga mawe, likichekechwa vizuri linachukua nafasi ya sehemu kubwa ya mchanga, ila fundi awe makini na maji kwasababu lina unga mwingi. Plasta bado itataka mchanga, hiyo nakubali.