Hujafikisha saa 40? California bado unadai ovataimu

Mama mmoja alinijia hapa San Diego na daftari la hesabu la mwanawe. Ndani mama huyo ameandika zamu zake mwenyewe za ghalani: kuingia kwa wino wa bluu, kutoka kwa wino mwekundu. Jumatatu, saa 12:00 asubuhi hadi saa 1:30 jioni. Jumanne vivyo hivyo, Alhamisi pia. Ukitoa nusu saa ya chakula, zinabaki saa 13 kwa siku, saa 39 kwa wiki. Msimamizi wake kamwambia hana ovataimu kwa kuwa hajafikisha saa 40.

Kauli hiyo naisikia kila mara na inaniuma, kwa sababu ina ukweli nusu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani, ya mwaka 1938, inahesabu wiki: ukivuka saa 40, kila saa inayozidi hulipwa mara moja na nusu. Majimbo mengi yanaishia hapo. California inahesabu na siku. Ukivuka saa 8 kwa siku, saa ya 9 hadi ya 12 hulipwa mara moja na nusu, na kuanzia ya 13 hulipwa mara mbili. Siku ya saba mfululizo katika wiki ya kazi, ovataimu huanza tangu saa ya kwanza.

Tukapiga hesabu. Analipwa dola 20 kwa saa. Saa 8 za kawaida ni dola 160, nne za mara moja na nusu ni 120, ya 13 ni 40. Jumla 320 kwa siku, 960 kwa siku tatu. Yeye alikuwa akipewa 780. Dola 180 zimepotea kila wiki! Tena zamu inayopita saa 10 ina haki ya mapumziko ya pili ya nusu saa ya chakula. Hakupewa, kwa hiyo kila siku anadai mshahara wa saa moja zaidi.

"Lakini kaka, nilisaini mwenyewe kwamba nakubali," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia saini ile haimfungi. Kifungu cha 1194 cha sheria ya kazi ya California kinampa mfanyakazi haki ya kudai ovataimu hata kama alikubali kulipwa pungufu. Wala bosi hawezi kujitetea kwamba hukuomba ruhusa ya kubaki: kama alijua unafanya kazi, au alipaswa kujua, alipe.

Zipo kazi zenye utaratibu wake. Wafanyakazi wa sehemu moja wanaweza kupiga kura ya siri, na theluthi mbili wakikubali, ratiba ya saa 10 kwa siku inaruhusiwa bila ovataimu. Ghalani kwake kura hiyo haikupigwa. Ndugu zetu wengi wanaolea wazee majumbani, wameajiriwa na familia, huanza kuhesabu baada ya saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki. Na kulipwa kwa mwezi peke yake hakukuondolei haki: mwajiri athibitishe kwamba kazi yako kweli ni ya uongozi au ya kitaalamu, na mshahara usipungue mara mbili ya kima cha chini cha jimbo.

Madai hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi wa jimbo, bila ada, na unaweza kurudi nyuma miaka 3. Mkalimani ni bure. Kama huna makaratasi ya uhamiaji, haki hii ni yako vilevile. Bosi akikufukuza au kukupunguzia zamu ndani ya siku 90 baada ya kudai, sheria inachukulia kwamba amelipiza kisasi, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo.

Mwajiri asipotunza kumbukumbu za saa, maandishi ya mfanyakazi mwenyewe yanapokelewa kama ushahidi. Daftari lile tumelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na slipu zote za mshahara, na fomu tumeijaza kuanzia Jumatatu ya kwanza aliyoiandika.