Je, wajua kwa nini mfungwa hutibiwa bure?

Swali hili huulizwa kwa uchungu: mwizi anapewa daktari bila kulipa, nami nisiye na kosa nanunua kila kidonge. Haki iko wapi?

Jibu linaanzia kwenye ufunguo. Pumu ikikubana usiku ukiwa nyumbani, utaamsha jirani, mtatafuta usafiri, mtakwenda hospitali. Mfungwa anayebanwa saa nane za usiku hawezi hata kufika mlangoni mwa zahanati. Wenzake watagonga mlango wa seli na kupiga kelele hadi askari wa zamu asikie, naye huenda asiruhusiwe kufungua mpaka mkubwa wake aje. Dakika zinakwenda, na kifua kinazidi kufunga. Serikali imemnyang'anya uwezo wa kujitafutia tiba. Basi deni la tiba ni la serikali hiyo. Hakimu alimhukumu miaka mitano ya kufungwa, hakumhukumu pumu isiyo na dawa.

Ndivyo zinavyosema Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015. Kanuni ya 24 inataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana uraiani, bure, bila kubaguliwa. Jina hilo lina uzito wake: Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu mwaka 1988 akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor, Afrika Kusini.

Na kifua kikuu ndicho kinachoonyesha kwamba ukuta wa gereza hauzuii kitu. Mtu mmoja akikohoa kwenye seli iliyojaa, yenye kidirisha kidogo juu kabisa, vijidudu huelea hewani kwa saa kadhaa na kila aliyelala humo anavivuta. Asubuhi askari anamaliza zamu, anarudi kwa watoto wake. Mahabusu anapata dhamana, anapanda basi. Dawa zenyewe kwa kawaida ni za miezi sita; mgonjwa akihamishwa au kuachiwa mwezi wa tatu bila karatasi zake za matibabu, dozi inakatika, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali iwajibike kwa mtu aliyepata kifua kikuu katika gereza lile lile la Pollsmoor. Alikuwa mahabusu kwa zaidi ya miaka minne. Kesi yake ilipokwisha, hakukutwa na hatia. Kwangu mimi hilo linatosha kumjibu anayedhani kila aliye ndani ni mhalifu.

Lakini tiba ya bure haifai kitu ikiwa daktari anapokea amri za mkuu wa gereza. Kanuni ya 27 kati ya hizo za Mandela inakataza wasio wataalamu wa afya kutengua au kupuuza uamuzi wa kitabibu. Hata kabla ya kanuni hiyo, Norway mwaka 1988, na Ufaransa mwaka 1994, ziliondoa huduma hii mikononi mwa magereza na kuikabidhi kwa mfumo wa afya wa raia wote. Mfungwa ana haki pia ya siri ya ugonjwa wake. Mwenye kuumwa sehemu za siri, au aliyepigwa na askari, atamwambiaje daktari ukweli ikiwa askari huyo huyo amesimama nyuma ya kiti chake?