Eti nyuzi za asili hazichafui? Watu wa mkonge tuongee

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 kuna maneno nayasikia sana hapa Tanga, kwamba chochote kilichotokana na mmea ni salama na chochote cha kiwandani ni sumu, basi, mjadala umeisha. Ukigusa mkonge ndo kabisa, unaonekana unausaliti mkoa. Mi mkonge naupenda na ndo maana nataka tuuseme ulivyo.

DHANA: Singa, yani nyuzi za mkonge, ni ya asili kwahiyo haina madhara.

UKWELI: Kwanza mmea wenyewe ni mgeni, asili yake Mexico, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida na mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na mashamba yote makubwa unayoyaona ukipita Muheza na Korogwe yamekuja baada ya hapo, kwahiyo jiulize pale palikuwa na nini kabla ya ile mistari iliyonyooka.

Alafu nenda kaone korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inavyofanya kazi. Jani likishapita mle, singa unayoipata ni kama asilimia 4 tu ya uzito, yani kilo 100 za majani zinakupa kilo 4 hivi za singa, zingine zote ni nyama ya jani na maji yake, na juu ya hapo mashine nayo inataka maji mengi ya kuoshea. Yanayotoka upande wa pili ni maji ya kijani yaliyochafuka, yana tindikali, yakituama siku mbili tatu yanachacha na harufu yake unaisikia kabla hujafika. Yakiachiwa mtoni vijidudu vinakula yale mabaki na kumaliza oksijeni yote kwenye maji, samaki wanakosa pumzi, na huo ni mto ambao mbele huko kuna mtu anateka ndoo ya kupikia.

Lakini sasa, mabaki hayohayo ni mali! Pale Hale, hapahapa Tanga, ulijengwa mtambo wa bayogesi, yani gesi ya mabaki yanayooza, wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, na yakirudishwa shambani ni mbolea, maana mkonge unavuta sana madini kwenye udongo na ukilima miaka nenda rudi bila kurudisha kitu shamba linachoka. Mkonge pia unavumilia ukame, haudai umwagiliaji, na kamba yake ikiisha kazi inaoza. Kwahiyo swali la kumuuliza mwenye kiwanda ni moja tu, maji ya korona yako yanaenda wapi?

DHANA: Pamba inamaliza maji ya dunia.

UKWELI: Inategemea imelimwa wapi. Ile hesabu ya lita 2,700 kwa tisheti moja ni wastani wa dunia nzima na ndani yake kuna maji ya mvua pia. Bahari ya Aral kule Asia ya Kati ilikauka kweli sehemu kubwa kwa sababu ya pamba, kuanzia miaka ya 1960 mito ya Amu Darya na Syr Darya ilichepushwa kwenda mashambani, leo kuna sehemu meli zimekaa juu ya mchanga. Ila pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga inalimwa kwa mvua, huwezi kuibebesha kosa lile. Kwetu tuhangaike zaidi na viuatilifu vinavyopigwa bila glavu wala barakoa, na maji ya rangi yanayotoka viwandani.

DHANA: Poliesta na nailoni tatizo ni pale unapozitupa tu.

UKWELI: Hapana, zinachafua hata ukiwa unazitumia. Zinatokana na mafuta ya petroli, na kila ukifua zinatoa vinyuzi vidogo mno ambavyo jicho halivioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, mwaka 2016 walikadiria mfuo mmoja wa kilo 6 za nguo za akriliki, nayo ni ya kiwandani kama poliesta, kwenye mashine unaweza kutoa vinyuzi zaidi ya 700,000, na sisi maji ya beseni tunamwaga mtaroni, mtaro unaenda baharini.

Na huko baharini hali ni nzito zaidi. Wakulima wa mwani wanafunga miche kwa vikamba vya nailoni na plastiki, wavuvi nyavu ni nailoni, kikikatika kipande kinabaki hukohuko miaka na miaka kinanasa samaki bila mwenyewe. Siwalaumu hata kidogo, kamba ya mkonge kwenye maji ya chumvi inaoza mapema na mama wa mwani hawezi kununua kamba kila msimu. Ninachoomba vipande virudi na mtumbwi, visiachwe ufukweni.

DHANA: Kitambaa cha mianzi ndo safi kuliko vyote.

UKWELI: Kingi ni viskosi tu, mti umeyeyushwa kwa kemikali kali kiwandani ukageuzwa uzi, na kaboni disalfaidi inayotumika inawaumiza wafanyakazi mishipa ya fahamu.

DHANA: Nikitaka kutunza mazingira nitupe poliesta zote ninunue za pamba.

UKWELI: Usifanye hivyo jamani. Hiyo shati uliyonayo imeshatengenezwa, mafuta yameshatumika, ivae mpaka iishe. Kifungo kikitoka mpelekee fundi, fua ikiwa imechafuka kweli sio kila ukiivaa mara moja, na usiichome jalalani, moshi wake mnauvuta nyie na watoto wa jirani.