Kunoa mwongozo wa kiunda-vichanganuzi: maana yake

Kichanganuzi ni sehemu ya programu inayosoma maandishi na kutambua muundo wake. Ukiandika 10 - 4 - 3, kompyuta huanza kwa kuona mfululizo wa herufi tu. Kichanganuzi ndicho kinachotambua kwamba hii ni namba, ile ni alama ya kutoa, na vipande vinaungana kwa mpangilio fulani. Kukiandika kwa mkono ni kazi ndefu, ndiyo maana kuna kiunda-vichanganuzi: unakipa kanuni za sarufi, nacho kinakutolea msimbo uliokamilika. Yacc, aliyoiandika Stephen Johnson katika maabara ya Bell miaka ya 1970, ndiyo iliyozieneza zana hizi. Bison ya GNU, mradi wa programu huria, ilifuata miaka ya 1980.

Zana ya namna hii haina vitufe vya kubahatisha. Bila mwongozo huendi popote. Ukisikia mtu anaunoa mwongozo wake, usidhani anasahihisha tahajia na kupanga vichwa vya habari. Hayo yamo, lakini ni madogo. Kazi yenyewe ni kumlinda msomaji asifuate maelekezo kwa uaminifu kisha akapata jibu la uongo.

Tuchukue kijana wa Kigoma anayemwandikia mfanyabiashara wa mawese pale Kibirizi programu ya kuhesabu mali. Mfanyabiashara anataka aandike tu 10 - 4 - 3: yameingia madumu 10, yakauzwa 4 asubuhi, na 3 mchana. Kijana anaufungua mwongozo, anaona mfano wa kanuni, anaunakili:

hesabu: NAMBA | hesabu '-' hesabu ;

Yaani hesabu ni namba, au ni hesabu kutoa hesabu.

Bison inatoa onyo, lakini kichanganuzi kinaundwa na programu inafanya kazi. Inajibu 9. Stoo ina madumu 3.

Kosa liko wapi? Kanuni ile inaruhusu njia mbili za kusoma. Ukianza kushoto, 10 kutoa 4 ni 6, kutoa 3 ni 3. Ukianza kulia, 4 kutoa 3 ni 1, na 10 kutoa 1 ni 9. Kichanganuzi kikifika kwenye alama ya pili ya kutoa kina hiari mbili: kuifunga kwanza hesabu kiliyokwisha kuisoma, au kuendelea kusoma. Yacc na Bison zisipoelekezwa huendelea kusoma. Huo ndio mgongano ambao onyo lilikuwa likiutaja kwa maneno shift/reduce. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya faili:

%left '-'

Yaani kutoa kuanzie kushoto. Sasa jibu ni 3.

Mwongozo usionolewa huueleza mstari huu katika sura ya mbali, chini ya kichwa kinachohusu nadharia, na mfano wenye kasoro unabaki peke yake kule mwanzo. Anayeunoa hubadilisha mpangilio. Analiweka onyo kama linavyotokea kwenye skrini, neno kwa neno, hata kama mwongozo wote ni wa Kiswahili, kwa sababu msomaji atalitafuta kwa maneno aliyoyaona. Chini yake anaonyesha jibu la uongo, kisha sababu, kisha dawa. Nadharia ya LR, ya kuchanganua maandishi kutoka kushoto kwenda kulia, aliyoitoa mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth mwaka 1965 ni nzuri, nami ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta aisome. Lakini mwenye madumu stoo asilazimishwe kuimaliza kabla hajajua kwa nini hesabu haikubali.

Mpangilio wa mifano nao una uzito. Mwongozo wa Bison huanza na kikokotoo ambacho alama huandikwa baada ya namba, yaani 10 4 - 3 -. Uandishi huo haupendezi machoni mwa wengi, ila hauna utata wa kipaumbele, kwa hiyo mtu anaonja zana nzima kabla ya kukutana na mgongano. Ni uamuzi wa busara sana. Isitoshe, vikokotoo vya mwongozo huo huchotwa humo humo kwenye maandishi na kujaribiwa pamoja na zana, hivyo mfano ukiharibika wenye mradi wanajua mapema. Kwangu mimi, mfano ambao haujaendeshwa kwenye mashine haufai kuchapishwa.

Istilahi zibaki moja moja: ukisema kanuni ukurasa wa 2, usiiite sheria ukurasa wa 5.

Kuna pia suala la matoleo. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2020, Bison ikiendeshwa na chaguo -Wcounterexamples huchapa mfano wa maandishi yanayozua mgongano, na njia zote mbili za kuyasoma. Kwa kanuni yetu ya mawese, huonyesha hesabu yenye alama mbili za kutoa, na nukta pale kichanganuzi kinaposita. Mwongozo ambao bado unamwambia msomaji afukue mgongano ndani ya jedwali refu la hali za kichanganuzi, bila kuitaja njia hii, haujanolewa.