"Mzungu kapita bila kupimwa": yanayosemwa Mwanza kuhusu ukaguzi wa afya, na ukweli wake

Ugonjwa ukitangazwa Kanda ya Ziwa, lawama huanzia kwa mgeni mwenye begi mgongoni, zikashuka kwa mhudumu wa afya, zikaishia serikalini. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa korona mwaka 2020, na ndivyo ilivyokuwa tena Marburg, homa kali inayoletwa na kirusi, ilipotokea Kagera, 2023 na 2025. Watu wanarudia maneno yaleyale kana kwamba magonjwa hayo mawili ni ndugu. Siyo ndugu, na ukaguzi wake haufanani.

"Magonjwa yanaletwa na watalii"

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Alikuwa Mtanzania aliyerudi nyumbani kutoka Ubelgiji. Ndege zilisambaza korona duniani, hilo halina ubishi, lakini ndani ya ndege hizo hawakuwemo watalii peke yao.

Kwa Marburg hoja hiyo haina hata pa kuegemea. Katika mlipuko wa Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, humuhumu ziwani, akaanza kuugua alipofika kijijini kwao. Waliougua walikuwa tisa, wanane wakithibitishwa na maabara, na sita wakafariki, mmoja wao mhudumu wa afya. Kirusi hicho kinatunzwa na aina ya popo wanaokula matunda, na kikishaingia kwa binadamu kinapita kwenye damu na majimaji ya mwili: kumuuguza mgonjwa, kumwosha maiti. Wiki zile, mtu wa kuulizwa maswali mengi alikuwa ni yule anayeshuka kwenye meli ya Bukoba akitoka msibani, siyo Mjerumani aliyefika jana kutazama wanyama Serengeti kwa kupitia geti la Ndabaka. Kinachoangaliwa ni ulikotoka na uliyekuwa karibu naye.

"Mzungu anapita, sisi wenye nchi tunadaiwa kadi"

Hii inasemwa sana na wanaorudi kwa basi kupitia mipaka ya Sirari au Mutukula, na kwa macho inaonekana kweli. Wewe unadaiwa kadi ya manjano, mzungu uliyemwona uwanja wa ndege hakuulizwa. Sababu ni homa ya manjano. Kadi hiyo inadaiwa kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zimo kwenye orodha. Anayetoka Amsterdam moja kwa moja hadi Kilimanjaro hadaiwi. Mzungu huyohuyo akitokea Kampala, anadaiwa kama wewe. Na usikubali kuambiwa kadi yako ya zamani imekwisha muda: tangu Julai 2016, chanjo hiyo inatambuliwa maisha yote.

"Wanatua Mwanza bila kupimwa"

Mtalii kutoka ng'ambo kwa kawaida anafika Mwanza akiwa ameshaingia nchini, kupitia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar au mpakani. Huko ndiko vilikokaguliwa vyeti vyake. Akishuka hapa Ilemela ni abiria wa ndani kama wengine.

"Joto likiwa sawa, mtu hana ugonjwa"

Hapa ndipo pana kazi. Kile kifaa cha kupimia joto kinasoma joto la ngozi, basi. Hakijui kirusi. Yule mgonjwa wa kwanza wa Arusha alipita uwanja wa ndege akapimwa, akaonekana hana homa. Aliugua baadaye, akaenda hospitali mwenyewe. Dalili za korona zinaweza kuchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, na mtu anaambukiza wenzake hata kabla hajajisikia vibaya. Kipima joto peke yake hakiwezi kuizuia.

Marburg ni tofauti. Asiye na dalili haambukizi, na homa kali ni miongoni mwa dalili za mwanzo, kwa hiyo kupima joto kuna maana zaidi, hasa kwa wanaotoka eneo lenye mlipuko. Ila hapo nako dalili zinaweza kukawia hadi siku 21, na aliyemeza panadol asubuhi anaweza kupita.

Kuna na upande wa pili: bandarini mama amesimama kwenye foleni juani na mzigo kichwani, kifaa kinasoma 38, watu wanamkimbia. Mhudumu anayeijua kazi yake anasema, "Shikamoo mama, njoo ukae hapa kivulini kwanza," anampima tena baada ya muda, inasoma 36 na ushei. Bodaboda aliyepigwa upepo wa ziwa usoni anasomeka chini kuliko alivyo. Kipimo cha kwanza hakimhukumu mtu.

Na hapana, kifaa hicho hakiharibu ubongo kama inavyosemwa. Kinapokea joto linalotoka kwako, hakikupigi chochote. Kunyoosha mkono badala ya paji la uso kunampa tu mhudumu namba isiyoaminika.

"Zile sheria ni za kukusanya hela, ndiyo maana zinabadilika kila siku"

Kuchanganyikiwa kwa watu hapa ninakuelewa. Machi 2020 wasafiri kutoka nchi zenye korona waliwekwa karantini ya siku 14 kwa gharama zao; Mei 18 anga likafunguliwa na karantini ikaondolewa. Mei 2021, chini ya Rais Samia, cheti cha PCR, kipimo cha maabara cha korona, kisichozidi saa 72 kikawa lazima, pamoja na kipimo cha haraka mtu akifika. Machi 2022 waliokamilisha chanjo wakasamehewa vipimo. Ni kweli msafiri alilipia vipimo kwa dola. Lakini masharti yalifuata hali ya ugonjwa na chanjo, na, tuseme wazi, mabadiliko ya msimamo wa serikali pia. Cheti chenyewe kinasema tu kirusi hakikuonekana siku ile ulipopimwa.

"Kutangaza mlipuko kunaua utalii"

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani lilisema kuna wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli hazina kirusi. Januari 20, Rais akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros, akathibitisha kwamba upo, Biharamulo. Shirika lilishauri nchi zisizuie safari wala biashara na Tanzania, na Machi 13 mlipuko ukatangazwa kwisha. Wenye hoteli na waongoza watalii hapa mjini waliteswa zaidi na siku zile sita za katikati, mgeni anapouliza kwa simu kama ni kweli na huku hakuna anayejua amjibu nini.